Tai wa Madaktari Wawili

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Paa la kliniki linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya meza yangu. Upande wa wifi ni mkavu.

Jumanne, 11 Machi

Ng'ombe wawili, mbuzi mmoja, wifi mmoja. Ng'ombe walikuwa na adabu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimeletewa mgonjwa wa aina ambayo haijawahi kuvuka mlango wetu. Dereva wa lori la kokoto, yule mrefu anayepita hapa kila siku akitoka machimboni, alisimamisha lori katikati ya barabara, akaingia mapokezi akiwa amekumbatia koti la mvua. Alilishika kama mtu aliyebeba mtoto mchanga asiye wake. Ndani ya koti alikuwamo tai.

"Nimemkuta pembeni mwa shimo, daktari," akasema. "Amekaa kwenye matope kama kuku. Nimempigia honi hakuruka. Nikasema huyu ama amechoka ama amekata tamaa."

Watu wote waliokuwa kwenye benchi walisogea ukutani na mbwa wao. Redio, mwanamke wetu wa mapokezi, alipanda juu ya kiti. Tunamwita Redio kwa sababu hazimwi, na habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, mchana iko sokoni.

Wifi naye akatoka chumbani kwake. Niandike wazi, maana daftari hili halina wa kulisoma ila mimi: wifi yangu ni dada wa mume wangu, na ni daktari wa wanyama kama mimi. Tulisoma chuo kimoja, tukalala chumba kimoja, na ni yeye aliyenipeleka kwao nikamwona kaka yake. Kliniki tuliifungua pamoja, yeye mbwa na paka, mimi ng'ombe, mbuzi na kuku. Masika ya mwaka jana nilimlaza kwa sindano, usingizi wa kutoamka, mbwa wa mama mkwe. Mbwa alikuwa mzee, ini limekwisha, analia usiku na mchana. Wifi alikuwa safarini. Aliporudi alisema mbele ya ukoo mzima, sahani zikiwa mezani, kwamba kuna madaktari wanaotibu na kuna madaktari wanaochoma sindano ili wakalale mapema. Tangu siku hiyo hatusemeshani. Tukitaka kuambiana jambo la kazi tunamtuma Redio, na tukitaka kuumizana tunapiga vijembe.

Leo hakupoteza muda. Alimtazama tai, akamgeukia Redio. "Redio, mwambie dereva asiende mbali na koti lake. Kuna mkoba humu ndani una sindano moja tu, na dawa yake ni ileile kwa kila mgonjwa."

Damu ilinipanda. Nikamwambia dereva, kwa sauti ya kufika hadi benchi la mwisho, kwamba ndege huyu hatachomwa sindano ya kulala, hata iweje. Atatoka hapa kwa mabawa yake mwenyewe au mimi nitavua koti jeupe. Dereva akaitikia kwa kichwa, hakujua ameingizwa kwenye nini. Wifi akacheka puani na kurudi kwa paka wake.

Nimemweka chumba cha nyuma, kwenye kizimba kikubwa cha mbwa. Ni jike, mkubwa, mweusi hadi kifuani, na macho yake ya manjano yanamtazama mtu kama mdai. Mfupa wa kifua umetokeza, hana nyama pande zote mbili. Mabawa yameanguka. Kucha zimekunjika, hawezi kusimama, anakalia viwiko vya miguu. Kinyesi ni kijani, kijani kibichi kabisa. Mdomoni hakuna kidonda, mifupa mizima.

Ninajua ni nini. Ni sumu ya risasi. Wawindaji wanaacha matumbo ya nyama porini, yamejaa vipande vya risasi, tai anameza, madini yanaingia kwenye damu. Mabawa kuanguka, kucha kukunjika, kinyesi kijani, yote yameandikwa kitabuni na yote anayo. Nimemtoa damu na kuituma kwa basi kwenye maabara ya mjini. Watu wa wanyamapori nimewapigia simu, wakasema daraja la upande wao limekatika, nimtunze hadi barabara ipone.

Kabla sijafunga, Redio akaja na ujumbe. "Anasema huyo hana risasi wala bunduki. Ana njaa tu."

"Mwambie tai si paka," nikasema.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ni maji tu, chini ya ngozi na kwa mrija. Aliyekonda hivi ukimshibisha ghafla unamuua, mwili unashindwa kukipokea chakula. Jioni nimeanza sindano za dawa ya kuvuta risasi mwilini. Amenikwaruza mkono kupitia glavu. Nimempenda kidogo kwa hilo.

Jumapili, 16 Machi

Nusu kifaranga asubuhi, bila manyoya wala mifupa. Amekimeza mwenyewe. Mvua kutwa.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nilimpa kifaranga kimoja kidogo, kisha nikaenda mashambani, ndama wa watu anaharisha. Nimerudi jioni nimelowa hadi soksi, nikampapasa tai. Gole, ule mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo, limevimba kama ngumi ya mtoto. Kile kifaranga cha asubuhi bado kimo. Chakula hakishuki.

Hiyo ndiyo risasi yenyewe. Inapooza misuli, gole linalala, chakula kinakaa humo hadi kinaoza. Nilipaswa kuhuzunika. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu ndege mwenye njaa tu gole lake halilali. Nilimwita Redio nikamwambia apeleke habari hiyo chumba cha pili, neno kwa neno.

Redio alikwenda, akarudi, akajikuna. "Hajasema kitu."

"Hata kidogo?"

"Amesema 'haya'."

Jumatano, 19 Machi

Mbwa amemng'ata mwenye mbwa. Ningemng'ata mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Gole limejaa tena jioni. Asubuhi lilikuwa tupu, jioni limejaa. Linashusha usiku kucha, pole pole. Nimepunguza chakula hadi robo ya kifaranga, lakini jioni limejaa vilevile. Sijawahi kuona gole zito namna hii.

Mchana nilipitia kliniki kuchukua chanjo na nikamsikia wifi kwenye korido. Alikuwa amempakata paka wa mtu, na anamsemesha paka kwa sauti ya tangazo.

"Wewe kula, mama. Kula ushibe. Humu ndani kuna wagonjwa wanalazwa njaa, wanapigwa sindano juu ya mifupa mitupu. Wewe shukuru umekuja upande huu."

Sikumjibu yeye. Nilikaa kwenye benchi nikavua buti zangu, nikaziambia buti, "Jamani buti, nyie mmekanyaga mavi ya kila namna, lakini maneno kama haya mmewahi kuyakanyaga?"

Benchi zima likacheka. Wifi akafunga mlango. Niliondoka nimeridhika kabisa.

Jumamosi, 22 Machi

Mume wangu ni fundi umeme, mtu mwema na mwoga. Leo wakati wa chakula ameuliza kama mimi na dada yake tutaendelea hivi hadi lini.

"Muulize dada yako."

"Nimemuuliza. Amesema nikuulize wewe."

"Basi umeshajibiwa."

Akachukua pasi mbovu ya jirani akaanza kuifungua hapohapo mezani. Akikwama kwenye maneno hutafuta bisibisi.

Dereva wa kokoto alipita jioni kumwona mgonjwa. Huja mara kwa mara, anasimama mlangoni amekunja kofia. Leo ameniuliza kama tai anajua nani anamtibu. Nikamwambia hajui na hajali. Akasema, "Mimi nadhani anajua." Ana watoto watatu na amewaahidi atawaleta siku ya kumrusha.

Jumanne, 25 Machi

Amesimama! Nimeingia asubuhi nikamkuta juu ya gogo, kucha zimeshika, mabawa yamekaa mahali pake. Kwenye mizani uzito umepanda, umepanda sana kuliko nilivyotarajia kwa vile vipande ninavyompa. Kinyesi cheupe na cheusi, kijani kimekwisha. Dawa inafanya kazi. Nimemwambia Redio atangaze, na kwa mara ya kwanza nilimlipia soda.

Nilipokuwa naosha mikono wifi alipita korido anaimba. Alikuwa na furaha na yeye, jambo lililoniudhi. Nilidhani atakuwa amenuna.

Kitu kimoja tu kinanisumbua, lile gole. Jioni limejaa.

Alhamisi, 27 Machi

Dawa hii hupewa siku chache, kisha mgonjwa anapumzishwa, kwa sababu inapita kwenye figo na figo haziipendi. Hivyo ndivyo kitabu kinavyosema, na hivyo ndivyo tulivyofundishwa, mimi na wifi, kwenye dawati moja. Lakini gole bado linajaa, kwa nini dawa ipumzike? Nimeendelea. Nimeongeza kidogo.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ya mawe. Redio anasema ni mwisho wa dunia. Nimemwambia asianze bila mimi.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeosha gole lake kwa mrija. Umetoka uji mweusi, unanuka, nyuzinyuzi. Nimeumwaga bila kuuchunguza kwa sababu mwenye mbuzi wa uzazi mgumu alikuwa anagonga mlango kwa kiganja.

Maabara nimewapigia. Mashine yao imeharibika, fundi hawezi kuvuka mto. Nikamwambia yule binti wa simu kwamba hata hivyo majibu ninayajua.

Ijumaa, 4 Aprili

Anakunywa maji. Tai hanywi maji ovyo, anayapata kwenye nyama, lakini huyu leo amemaliza bakuli na kutafuta jingine. Kinyesi ni maji matupu. Ameshuka kwenye gogo, amekaa chini kwenye pembe.

Jumamosi, 5 Aprili

Redio alikuja akasimama wima kama mwanafunzi aliyetumwa kwa mwalimu mkuu.

"Anasema mgonjwa anakunywa maji sana. Anasema uangalie figo."

Nilijua ni kweli. Naandika hapa kwa kuwa mkono unakataa kuandika vinginevyo: lile neno figo lilipotoka mdomoni mwa Redio nilijua ni kweli. Kama angelisema mwingine yeyote, hata dereva, hata mume wangu na bisibisi yake, ningeweka bomba la sindano chini. Lakini lilitoka chumba cha pili.

"Mwambie aangalie paka," nikasema, nikamchoma tai sindano ya jioni.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeacha dawa. Nimempa maji mengi kwenye mshipa wa bawa. Sikumwambia mtu kwamba nimeacha. Sikumpa chakula. Jioni gole lina kitu ndani, sielewi.

Jumatano, 9 Aprili

Hawezi kuinua kichwa vizuri. Viungo vya miguu vimevimba, vyeupe chini ya ngozi. Akiguswa anatoa sauti ambayo sikujua tai anayo, ndogo, ya kifaranga. Macho bado ni yaleyale.

Mchana wifi alifika hadi mlangoni mwa chumba cha nyuma. Hajawahi kusimama hapo nikiwamo ndani. Redio alikuwa katikati yetu na ndoo ya kupigia deki, na wifi akaongea juu ya kichwa chake.

"Redio, mwambie daktari kwamba sasa inatosha. Amlaze. Mgonjwa anateseka."

Ninaona haya kuandika nilichohisi. Nilihisi nimeshinda. Mwaka mzima nimeitwa mchoma sindano, na leo yeye mwenyewe anaiomba sindano.

"Redio," nikasema, "mwambie daktari mwenzangu kwamba mkoba wangu hauna hiyo dawa. Nilisikia kuna watu wanaitumia ili wakalale mapema."

Redio hakumwambia mtu kitu, maana sote tulikuwa chumba kimoja. Aliangalia ndoo yake. Nilidhani wifi atarudisha kijembe, nikajiandaa. Hakurudisha. Aliondoka, na mlango aliufunga taratibu.

Dawa ilikuwamo kwenye kabati, rafu ya juu. Nilikuwa naiona chupa kutoka nilipokaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Bado yu hai. Analia nikiingia na analia nikitoka. Sikwenda mashambani.

Ijumaa, 11 Aprili

Amekufa asubuhi, taratibu sana, baada ya kuhangaika tangu jana. Ilimchukua muda mrefu. Ningeweza kuufupisha kwa dakika moja, na sikuufupisha ili wifi asinicheke.

Nimempeleka kwenye meza ya kupasulia. Nilitaka kuiona hiyo risasi kwa macho yangu, nimtoe kwenye firigisi lake kipande cha chuma na kukiweka mezani mwa wifi kwenye kisahani. Hilo tu ndilo lililokuwa limebaki la kunifariji.

Nilianza na gole. Lilikuwa na nyama ndani, nyama nyekundu, imekatwa vipande vya mraba vilivyolingana kana kwamba vimepimwa. Nilikichukua kimoja kwa kibano nikakiosha chini ya bomba. Hakikuwa kifaranga. Sijawahi kumpa ndege huyu kitu chochote ila kifaranga, na tangu Jumatatu sikumpa chochote kabisa.

Ninaujua mkono uliokata vile. Miaka minne tulipika jiko moja chuoni, na hata kitunguu alikuwa anakikata hivyohivyo.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, amevaa aproni, amekuja kuangalia. Redio hakuwapo. Hapakuwa na paka wala buti. Nikamsemesha.

"Huu ni moyo wa ng'ombe."

"Ni moyo," akasema wifi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Kila mchana ukiondoka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulikuwa unampa robo ya kifaranga. Ndege mkubwa vile. Nikasema huyu mwanamke anamwua kwa njaa ili baadaye aseme ni risasi."

"Nilikuwa nampa kidogo kidogo kwa sababu amekonda. Unajua anayekonda halishwi kwa pupa. Unajua, wifi, tulifundishwa siku moja."

"Ningejuaje kama ndicho unachofanya? Uliniambia?"

"Na wewe uliniambia?"

"Nilisema hata mbele ya watu kwamba ana njaa."

"Ulimwambia paka."

Nikamwonyesha gole kwa ncha ya mkasi. "Kila jioni nalikuta limejaa. Nikasema chakula cha asubuhi hakijashuka. Nikasema risasi imelala humu. Kwa ajili ya hili gole, nikaendelea na dawa."

"Bila kupumzisha?"

"Bila kupumzisha."

Wifi alichukua mkasi mwingine, akafungua chini mwenyewe. Figo zilikuwa zimevimba, nyeupe kama chokaa, na chokaa hiyo imemwagika hadi juu ya moyo na ini. Tulizitazama. Nimepasua wanyama wengi maishani na sijawahi kutaka kugeuza uso, ila leo.

Firigisi tulilifungua mwisho. Tulilisugua kwa vidole, tukalichuja maji yake kwenye kitambaa cheupe. Halikuwa na chuma hata chembe.

"Alikuwa amelowa na ana njaa," wifi akasema. "Basi."

"Ulikuwa umesema."

"Na wewe ulikuwa na haki ya kumpa kidogo." Akaweka mkasi chini. "Mmoja wetu angekuwa peke yake, huyu angeruka."

Nilikwenda mapokezi nikamuuliza Redio kama alikuwa anajua habari ya nyama. Akasema alikuwa anajua, yeye ndiye aliyekuwa anatumwa buchani.

"Na hukuniambia? Wewe?"

"Aliniambia nisiseme," akajibu. "Na wewe daktari, hukuwahi kuniuliza. Huwa unanipa maneno ya kupeleka tu."

Jumatatu, 14 Aprili

Maabara wamepiga simu. Daraja limepona, mashine imepona. Damu ya tai haina risasi.

Jumanne, 15 Aprili

Dereva amekuja leo. Wiki nzima alikuwa safari ya mbali, hakuwa na habari. Alikuwa amenyoa, amevaa shati safi, na kwenye lori nyuma ya kioo niliona vichwa vitatu vya watoto.

"Nimesikia barabara imefunguka," akasema. "Nikasema labda watu wa wanyamapori watakuja kumchukua kabla watoto hawajamwona."

Mimi na wifi tulikuwa tumesimama mapokezi, kila mmoja kwenye mlango wake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa kimya.

"Amefariki," nikasema.

Alikunja kofia. Aliikunja tena. "Alikuwa na nini?"

Swali lenyewe ndilo hilo, na nilikuwa na majibu yake yote. Ningeweza kusema, alilishwa kwa siri na huyu hapa. Ningesema mbele ya benchi lililojaa watu, neno lingefika sokoni kabla ya mchana, na wifi angeonja alichonionjesha mimi mbele ya ukoo. Na yeye angeweza kusema, alichomwa dawa hadi figo zikageuka chokaa, nikaonya, nikajibiwa niangalie paka. Nilimwona ananitazama. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika shingo ya mwenzake, na wote wawili tulikuwa tunalijua hilo.

Wifi akakohoa. "Tulimpokea amechelewa," akasema.

Dereva akanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi.

"Amechelewa sana," nikasema. "Angefika mapema kidogo, ingekuwa vingine."

Ilikuwa rahisi, nashangaa ilivyokuwa rahisi. Sentensi zetu zilifuatana vizuri kabisa, kama zamani tulipokuwa tunaeleza wenye mbwa mambo magumu, mmoja anaanza na mwingine anamaliza.

Dereva aliangalia sakafu. "Nilimwona tangu jana yake," akasema. "Ile Jumatano. Nilikuwa na mzigo, tajiri ananipigia simu, nikasema nitamkuta nikirudi. Nikarudi giza limeingia, nikapita. Alhamisi ndiyo nikasimama." Akafuta uso kwa kofia. "Siku nzima ile. Kumbe ndiyo ilimwua."

Hapo mmoja wetu alipaswa kusema hapana. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema. Redio alinitazama mimi, akamtazama wifi, akatazama meza yake.

"Usijilaumu sana," wifi akasema.

"Ulifanya ulichoweza," nikasema mimi.

Alitushukuru. Alitupa mkono, mmoja mmoja, kwa mikono yake miwili, akatuambia tumejitahidi, kwamba watu wengine wasingempokea hata mlangoni. Nilimwona akipanda lori. Alikaa muda bila kuwasha, akiwaambia watoto, na mdogo wao akalaza kichwa kwenye dashibodi.

Wifi alikuwa bado amesimama nyuma yangu. "Chai iko kwangu," akasema. "Njoo huku, kwako panavuja."

Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti ambacho sijakikalia tangu masika ya mwaka jana, akanimiminia, na alikuwa bado anakumbuka sukari yangu. Nikainywa yote. Nilitaka niwe na uchungu na nilikuwa na nafuu, na nafuu hiyo inanichukiza zaidi kuliko mwaka mzima wa vijembe.

Jumatano, 16 Aprili

Jua. Tumefanya kazi meza moja mimi na wifi, tumempasua mbwa aliyemeza soli ya kiatu, tumecheka mara kadhaa. Mume wangu kapewa habari na Redio kwamba tumepatana, amenunua nyama, anaimba jikoni. Anataka kujua ni nani aliyeanza kumsemesha mwenzake.

Lori la kokoto lilipita asubuhi na likapita tena mchana. Mara zote mbili nilirudi nyuma ya pazia, na mara zote mbili nilimkuta wifi yuko hapo tayari.